NODI GANI INAKUFAA? FUNZO KUTOKA DAFTARI LA CHAMA

Mwaka huu sikuandika shairi. Nataka tujifunze jambo ambalo nusura limeze bonasi ya majani chai ya mama yangu.

Mwezi wa Oktoba kaka yangu alirudi kutoka Keroka na habari moto moto. Jamaa fulani alimwambia kwamba ukinunua "nodi" ya Bitcoin kwa shilingi 15,000, utakuwa ukilala na kuamka unakuta pesa kwa simu. Bonasi ilikuwa imeingia wiki hiyo hiyo, na karo yangu ilikuwa bado. Mama akaniuliza, "Wewe ndiwe unasoma kompyuta huko shuleni. Hiyo nodi ni nini?" Nilikosa la kusema na kwa kweli niliona aibu. Nikamwomba anipe siku saba.

Niliporudi na jibu nilianzia kwa chama chao cha wachuma chai. Zamani daftari lilikaa na katibu peke yake. Siku moja likaonyesha kwamba mama hajatoa mchango wa miezi miwili, na hakukuwa na daftari lingine la kulinganisha. Mama alilipa tena. Tangu hapo wakakubaliana kila mwanachama awe na daftari lake, na mchango ukitajwa mkutanoni wote waandike. Sasa katibu akikosea, au akijifanya amekosea, madaftari 13 yanampinga.

Bitcoin, ambayo ukurasa wake wa kwanza ni wa tarehe 3 Januari 2009, ni daftari la namna hiyo. Ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika 10 hivi, na kila ukurasa umefungwa na ule uliotangulia. Ndiyo sababu huitwa blokicheni. Kompyuta inayoshika daftari na kukagua ndiyo nodi. Lakini nodi si za aina moja, na hapo ndipo kaka aliponaswa.

Nodi kamili huweka kurasa zote tangu 2009. Hizo zimepita gigabaiti 600. Kompyuta za maabara yetu zina diski za gigabaiti 500, kwa hivyo hata tukifuta michezo yote (mnajijua!) hazitoshi.

Ya pili ni nodi iliyopogolewa. Sisi watu wa Nyamira hatuhitaji kufunzwa kupogoa: mchai hukatwa juu, shina likabaki. Nodi hii husoma na kukagua kila ukurasa, kisha hutupa ya zamani na kubaki na ya karibuni pamoja na orodha ya salio. Kurasa zinaweza kupunguzwa hadi megabaiti 550, ingawa ile orodha peke yake inazidi gigabaiti 10. Lakini sikilizeni vizuri, maana hata mimi nilikosea hapa mara ya kwanza. Kupogoa kunaokoa diski, hakuokoi bando! Lazima uvute zile gigabaiti 600 zote kwanza ndipo utupe. Ukijaribu kwa bando za simu, utauza ng'ombe.

Ya tatu ni nodi nyepesi. Nyanya yangu hajui kusoma, naye ni mwanachama. Yeye huuliza wenzake wawili watatu kama mchango wake umeandikwa. Nodi nyepesi hufanya hivyo: huchukua vichwa vya kurasa tu, baiti 80 kila kimoja. Kwa siku kurasa ni kama 144, basi ni baiti 11,520, chini ya picha moja ya simu. Simu yoyote ya kawaida inaweza. Ubaya wake ni kwamba unategemea ukaguzi wa wengine.

Wachimbaji ni habari nyingine. Hao hushindania kuongeza ukurasa mpya, kwa mashine maalum zinazokula umeme kweli kweli. Hapa Kenya kampuni ya Gridless imechimba kwa umeme wa mito midogo. Tangu Aprili 2024 zawadi ya ukurasa ni Bitcoin 3.125 pamoja na ada. Zawadi hiyo ni ya mchimbaji. Mwenye nodi ya kukagua tu halipwi hata ndururu, kama vile mama halipwi kwa kushika daftari lake. Faida yake ni kwamba hadanganywi.

Basi nikamwambia kaka amwulize yule jamaa swali moja: "Mwenye nodi hulipwa na nani?" Jamaa alisema atapiga simu. Tena programu yenyewe, Bitcoin Core, hutolewa bure. Alikuwa akiuza maji kando ya mto.

Karo yangu ililipwa. Kaka naye hakukata tamaa. Rafiki yake ana duka la kompyuta mjini Kisii lenye intaneti isiyopimwa, wakachukua kompyuta kuukuu na kuanzisha nodi ya kupogolewa, wajifunze tu. Nilimwonya kwamba stima ikipotea ghafla daftari linaweza kuharibika na ukaguzi ukaanza upya, na mnajua mvua yetu ya alasiri. Ninapoandika haya ni wiki ya tatu. Walikuwa wamefika kurasa za mwaka 2019. Jana stima ikapotea.