Uandishi wa Maelekezo: Namna ya Kucheza Mchezo wa Kuvunja Matofali

Maelekezo ni utungo wa kiuamilifu unaomwongoza mtu kutenda jambo hatua kwa hatua hadi alikamilishe. Mtahiniwa anaweza kutakiwa kueleza namna ya kufika mahali, kutumia kifaa au kucheza mchezo fulani. Wengi huliona swali la aina hii kuwa jepesi kwa sababu jambo lenyewe wanalijua. Hapo ndipo alama hupotea. Anayelijua jambo huruka hatua bila kutambua, na msomaji asiyelijua hukwama papo hapo paliporukwa.

Kipimo cha maelekezo bora ni kimoja: je, mtu ambaye hajawahi kuliona jambo hilo anaweza kulitenda kwa kufuata maandishi yako tu, wewe ukiwa mbali? Katika somo hili tutakitumia kipimo hicho kwa mchezo rahisi wa tarakilishi.

Swali

Chama cha Tarakilishi shuleni mwenu kitawapokea wanachama wapya ambao hawajawahi kucheza mchezo wowote wa tarakilishi. Andika maelekezo yatakayobandikwa ukutani, ukieleza namna ya kucheza mchezo wa kuvunja matofali unaofuata kanuni za Breakout. (Alama 20)

Kusanya ukweli, kisha uchuje

Kabla ya kuandika, orodhesha unayoyajua. Kuhusu mchezo huu unaweza kupata haya:

- Breakout ilitolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka wa 1976.
- Mfano wa kwanza wa mtambo wake uliundwa na Steve Wozniak akisaidiana na Steve Jobs, ambao ni miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Apple.
- Ukuta una safu 8, kila safu ikiwa na matofali 14. Kila safu mbili zina rangi yake na pointi zake.
- Mchezaji hupewa mipira 3 ya kuvunjia kuta 2.
- Kasi ya mpira huongezeka kadiri mchezo unavyoendelea.
- Mwaka wa 2015, watafiti wa kampuni ya DeepMind ya London walieleza katika jarida la Nature jinsi programu yao, iliyojifunza mchezo huu kwa kuucheza, ilivyogundua mbinu ya kutoboa mwanya pembeni mwa ukuta.

Sasa chuja. Kwa kila jambo jiulize: litamsaidia msomaji kutenda nini? Habari za Wozniak na Jobs ni tamu, lakini mwanachama mpya aliyeketi mbele ya kibodi hatazitumia. Ziache. Habari za watafiti wa 2015 zina sehemu mbili: watafiti wenyewe hawahitajiki, ila mbinu ya kutoboa mwanya inahitajika. Chukua mbinu, acha wagunduzi.

Hakikisha pia kwamba takwimu zako zinajumlika. Kila rangi ina safu 2 za matofali 14, yaani matofali 28. Pointi za rangi nne ni 1, 3, 5 na 7, ambazo jumla yake ni 16. Hivyo ukuta mmoja una pointi 28 × 16 = 448, na kuta mbili zina pointi 896. Takwimu zikikosa kuafikiana, msomaji atashuku hata hatua zilizo sahihi.

Panga kabla ya kuandika

Mpangilio unaofaa ni huu: lengo, vitu vinavyohusika, hatua, kanuni, mbinu, mwisho. Lengo hutangulia kwa sababu asiyejua anakoelekea hawezi kujua kama hatua aliyopiga imefaulu. Mbinu huja baada ya kanuni kwa sababu mbinu haieleweki kwa mtu ambaye bado hajui kuanza.

Mfano wa jibu

MAELEKEZO YA KUCHEZA MCHEZO WA KUVUNJA MATOFALI

Lengo

Lengo lako ni kuvunja matofali yote yaliyo juu ya skrini kwa kutumia mpira, bila kuuacha mpira huo uanguke chini.

Vitu utakavyoviona

Ukifungua mchezo utaona vitu vitatu. Sehemu ya juu kuna ukuta wa matofali wenye safu 8. Sehemu ya chini kuna kibao chembamba kilicholala. Juu ya kibao hicho kuna mpira mdogo uliotulia. Upande wa juu, wa kushoto na wa kulia wa skrini umezibwa, hivyo mpira ukifika huko hurudi. Upande wa chini uko wazi, na huko ndiko mpira hupotelea.

Jinsi ya kucheza

1. Weka kidole kimoja kwenye kitufe cha mshale wa kushoto na kingine kwenye kitufe cha mshale wa kulia.
2. Kwa mkono wa pili, bonyeza mara moja kitufe kirefu kilicho chini kabisa ya kibodi. Mpira utapaa, utavunja tofali, kisha utarudi chini.
3. Tazama mpira, usitazame kibao. Ukiona mpira unaanza kushuka, kadiria mahali utakapofikia.
4. Bonyeza mshale wa upande huo hadi kibao kifike hapo kabla ya mpira, kisha achilia.
5. Acha mpira ugonge kibao. Utarudi juu wenyewe. Usibonyeze kitufe kingine ili kuupiga.
6. Rudia hatua ya 3 hadi ya 5 mpaka matofali yote yaishe. Ukuta wa pili utatokea. Uvunje vivyo hivyo.

Jinsi ya kuelekeza mpira

Mpira ukigonga pande zilizozibwa, hurudi kwa pembe sawa na ile uliyofika nayo, kama mwanga unavyorudishwa na kioo. Kibao hufanya kazi tofauti. Mpira ukigonga katikati ya kibao, hupaa karibu wima. Ukigonga ncha ya kushoto, huelekea kushoto. Ukigonga ncha ya kulia, huelekea kulia. Kwa hiyo usiridhike na kuudaka mpira tu. Chagua sehemu ya kibao itakayougonga.

Pointi

Tofali la manjano, lililo chini, lina pointi 1. La kijani lina 3, la rangi ya chungwa lina 5, na la nyekundu, lililo juu kabisa, lina 7. Ukuta mmoja una pointi 448 na kuta zote mbili zina pointi 896.

Mambo ya kuzingatia

Una mipira 3. Mpira ukianguka, umeupoteza. Rudia hatua ya 1 na ya 2 ili kurusha unaofuata. Kasi ya mpira huongezeka baada ya kugongwa mara 4, tena baada ya mara 12, na pia unapofikia matofali ya rangi ya chungwa na yale ya nyekundu. Aidha, mpira ukipenya safu nyekundu na kugonga upande wa juu wa skrini, kibao hupungua na kuwa nusu ya urefu wake.

Mbinu ya kuongeza pointi

Ukishazoea, elekeza mpira mara kwa mara kwenye pembe moja ya ukuta hadi utoboe mwanya unaofika juu. Mpira ukipita kwenye mwanya huo, utadunda kati ya upande wa juu wa skrini na matofali yenye pointi 7, ukiyavunja mfululizo bila wewe kusogeza kibao. Hata hivyo, usiondoe macho. Mpira utakapotoka huko, utakuwa na kasi kubwa na kibao chako kitakuwa kifupi.

Mwisho wa mchezo

Mchezo huisha mpira wa tatu unapoanguka, au unapomaliza kuta zote mbili. Soma pointi zako kwenye skrini, kisha mpishe mwenzako.

Uchambuzi wa jibu

Maudhui. Kila hatua ina tendo, na pale inapohitajika ina ishara ya kuonyesha kwamba tendo limefaulu. Hatua ya 2 haiishii kwenye kubonyeza kitufe. Inamwambia msomaji atakachokiona. Asipokiona, atajua kwamba amekosea na atarudia. Hatua ya 5 inataja jambo ambalo mzoefu hulisahau: mpira hurudi wenyewe. Bila sentensi hiyo, mgeni atahangaika kutafuta kitufe cha kupigia.

Faida na hatari. Sehemu ya mbinu haikusifia mwanya tu. Imeonya pia kwamba anayeutumia hurudishiwa mpira wenye kasi huku kibao kikiwa nusu. Maelekezo yanayotaja faida na kuficha hatari humwangusha msomaji anayeyaamini.

Mtindo. Vitenzi vya hatua viko katika hali ya kuamuru, nafsi ya pili umoja: weka, bonyeza, tazama, usitazame. Usichanganye "bonyeza", "unabonyeza" na "mchezaji anabonyeza" katika orodha moja ya hatua.

Msamiati. Katika insha ya kisanaa unasifiwa kwa kutumia visawe. Katika maelekezo, kitu kimoja kipewe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiandika "mpira" kisha "tufe" kisha "gololi", msomaji atavitafuta vitu vitatu kwenye skrini.

Sarufi. Jihadhari na upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa mchezo huu unazihusisha ngeli kadhaa kwa pamoja: mpira umeanguka, tofali limevunjika, matofali yamevunjika, kibao kimesogea, safu imekwisha. Tumia kiambishi -ki- cha masharti kueleza jambo linaloweza kutokea: mpira ukianguka, ukigonga. Tumia -po- ya wakati kwa jambo litakalotokea: mpira utakapotoka.

Urefu. Jibu hili linazidi maneno 400 bila kurudiarudia jambo. Ukiona maneno hayatoshi, usiongeze sifa za mchezo. Tafuta hatua uliyoiruka. Mara nyingi ipo.

Zoezi

1. Sahihisha sentensi zifuatazo na ueleze kosa la kila moja.
   (a) Mpira likianguka utakuwa umelipoteza.
   (b) Weka vidole kwenye mishale, kisha mchezaji anabonyeza kitufe kirefu.
   (c) Tufe likigonga ncha ya kibao, mpira utaelekea pembeni.

2. Mtahiniwa mmoja aliandika: "Fungua mchezo. Sogeza kibao. Vunja matofali yote. Usiangushe mpira." Taja maswali manne ambayo msomaji mgeni atabaki nayo, kisha uandike upya maelekezo hayo.

3. Mchezaji amevunja matofali yote ya manjano na ya kijani katika ukuta wa kwanza, na hajavunja mengine. Ana pointi ngapi? Eleza kwa sentensi mbili jinsi ulivyopata jibu.

4. Andika maelekezo ya kucheza drafti kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Ukimaliza, mpe mwenzako ayafuate huku umenyamaza. Atakapokwama, usimweleze kwa mdomo. Weka alama kwenye sentensi iliyomkwamisha, kisha uiandike upya.