Kalvati Lililoziba: Shauri Lipelekwe kwa Nani?

Swali: Kalvati la njia ya kijijini kwetu, hapa Kiwira, limezibwa na udongo na magome ya migomba, na mvua inyeshapo maji huingia majumbani. Tumwendee nani?

Jibu: Barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu hata mpakani Kasumulu, iko katika dhamana ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, bali njia za vijijini, tangu mwaka 2017, ni amana ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na wengi, kwa kughafilika, hushitaki kusikohusika. Basi waandikieni TARURA barua kupitia kwa mtendaji wa kijiji, mkitaja mahali penyewe na tarehe za mafuriko, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri, maana neno la mdomo ofisini husahaulika upesi. Ikiwapo hatari ya roho, msingoje barua: pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.