Mashindano ya Watoto: Tunahesabu Nini?



Likizo ya shule ikifika, huku Sotik kila kiwanja kina mashindano. Mfadhili anatoa dume, vijiji vinatuma timu, vumbi linatimka. Ni jambo zuri. Lakini hebu angalieni wanaocheza. Dume akiwa amefungwa pale pembeni, nani atamwingiza mtoto wa miaka 13? Anaitwa kaka yake mwenye ndevu, anaandikwa "chini ya miaka 15", na mtoto anabaki kubeba maji. Mechi ikiisha, wazazi wanamfukuza refa.

Sisi hatusemi mashindano yaachwe. Asiyeshindana hajui nguvu zake. Shida iko kwenye pointi, kwa maana kile tunachohesabu ndicho watoto wanachojifunza.

Tazameni Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada, alianzisha pamoja na vijana wa huko chama cha michezo kiitwacho MYSA. Mtaa ulikuwa umejaa takataka. Basi katika ligi yao, kushinda mechi kulileta pointi 3, lakini timu iliyotoka kusafisha mtaa ilipata pointi 6. Mafundi wa mpira wakaona kwamba bila koleo hawachukui ligi! Tena mchezaji mwenye nidhamu alipewa kadi ya kijani. Na msidhani hayo yaliwalegeza: Mathare United, timu iliyotoka humo, ilichukua Kombe la Moi mwaka 1998 na ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Kwetu chemchemi ndizo zinazolia. Kushinda kuwe pointi 3, kuzungushia chemchemi ua na kupanda miti ya kienyeji pointi 6. Kila mtoto aliyeandikishwa acheze angalau nusu mechi. Vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe mapema. Mzazi akimtukana refa, timu ikatwe pointi. Badala ya dume, mfadhili aombwe mpira mmoja kwa kila timu. (Akikataa, mmeshajua alikuja kutafuta nini.)

Mpakani na Borabu, ambako mapigano ya 1992 na 2008 hayajasahaulika, msipange Wakipsigis dhidi ya Wakisii. Kila timu iwe na watoto wa pande zote mbili, wapeane pasi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mashindano yaliyopita, watoto wangapi walivaa jezi bila kugusa mpira?
2. Nani hapa kwetu anaweza kuandika pointi, naye hana mtoto uwanjani?