Kabla Hujamwambia Mwongozaji "Ndiyo": Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Msimamizi wa Athari za Kuona

Msimamizi wa athari za kuona ndiye mwenye dhamana ya kila kinachoonekana kwenye filamu ilhali hakikuwapo mbele ya kamera: joka, mafuriko, mji unaoteketea, hata kamba iliyombeba mwigizaji ikafutwa baadaye. Yuko na mwongozaji tangu muswada unaposomwa, yuko lokesheni wakati wa kupiga picha, na yuko na mafundi wa kompyuta hadi shoti ya mwisho ikabidhiwe. Vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliojifunza programu ya uhuishaji ya Blender vyumbani mwao wanaitamani kazi hii. Maagizo haya ni yao. Sikuyalainisha, kwa sababu kosa la msimamizi huwaumiza kwanza walio chini yake.

Usiseme "tutarekebisha kwenye kompyuta" kabla hujapiga hesabu. Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Shoti ya sekunde tano ni fremu 120. Kama kompyuta moja inahitaji saa kumi kukokotoa fremu moja, shoti hiyo ni saa 1,200, yaani siku 50 za mashine isiyopumzika, na hapo bado hakuna aliyeomba lolote libadilishwe. Umesimama lokesheni, jua linazama, mwongozaji amechoka, na nguzo ya umeme imeingia kwenye picha inayotakiwa kuonyesha mwaka 1890. Una dakika moja. Je, kamera isogezwe hatua mbili, au mtu alipwe wiki nzima kuifuta nguzo nyuma ya nywele zinazopeperushwa na upepo? Taja gharama kwa sauti, prodyuza akisikia, kisha mwache mwongozaji aamue. Ukinyamaza ili uonekane hodari, umeshatoa ahadi ambayo mwingine ataitimiza usiku.

Jifunze kamera na mwanga kwanza, programu baadaye. Phil Tippett alikuwa bingwa wa kuhuisha vinyago kwa kuvisogeza kidogo kidogo, fremu kwa fremu. Jurassic Park ya 1993 ilipohamia kwenye dinosaria wa kompyuta, mbinu yake iliwekwa kando, lakini yeye hakuwekwa kando. Alibaki kuwafundisha wahuishaji jinsi mnyama mzito anavyohamisha uzito wake, anavyosita, anavyogeuza shingo. Na Oscar ya filamu ile ina jina lake pamoja na Dennis Muren, Stan Winston na Michael Lantieri. Programu unayojivunia leo itazeeka. Jicho halizeeki hivyo.

Na jicho hulishwa na vitu vya kweli, si na filamu za wengine. Waliotengeneza The Lion King ya 2019 chini ya usimamizi wa Rob Legato walisafiri hadi Kenya kutazama na kupiga picha za mbuga na wanyama, ingawa katika filamu nzima shoti iliyopigwa kwa kamera halisi ni moja tu, ile ya mapambazuko mwanzoni. Wewe umezaliwa ndani ya mwanga huo. Utazame. Jua la saa saba mchana linafanya nini kwenye vumbi la barabara ya murram, na kwenye ngozi nyeusi yenye jasho? Asiyejua hilo hatalipata kwenye menyu ya programu yoyote.

Andika kila kitu lokesheni. Lenzi ya milimita ngapi. Kamera imeinuka kiasi gani kutoka ardhini na imeinama nyuzi ngapi. Jua lilikuwa upande gani. Shika mpira unaong'aa kama kioo na mwingine wa kijivu mbele ya kamera kila taa zinapobadilishwa, maana hiyo ndiyo itakayowaambia mafundi, miezi sita baadaye, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani. Kisha waombe waigizaji watoke, upige shoti ileile ikiwa tupu. Kikosi cha Ex Machina, filamu ya Uingereza ya bajeti ya dola milioni 15 hivi, hakikutumia kabisa pazia la kijani, lile linalotundikwa nyuma ya mwigizaji ili baadaye liwekewe picha nyingine: mwigizaji aliyecheza roboti aliigiza na wenzake ndani ya chumba halisi, kisha eneo likapigwa tena bila watu, ili mwili wa roboti unaoonyesha kilicho nyuma yake uwe na kitu cha kuonyesha. Mwaka 2016 filamu hiyo ilizishinda Star Wars na Mad Max kwa Oscar ya athari za kuona. Mali bila daftari hupotea bila habari, na data ya lokesheni ni mali. Msaidizi wa mwongozaji atakuharakisha. Dai dakika zako mbili, kila mara, hata akikuchukia.

Usitundike pazia la kijani kwa mazoea. Kijani humrukia mwigizaji shavuni, humwacha akitazama ukuta mtupu, na huwaachia mafundi kazi ya kusafisha. Katika Interstellar ya 2014, Paul Franklin na wenzake walitengeneza picha za anga mapema, zikatupwa kwenye skrini kubwa nje ya madirisha ya chombo. Waigizaji waliona walichokuwa wakikiigizia, na mwanga wake ukawaangukia usoni bila kudanganya.

Mbane mwongozaji aamue. Hakuna kinachokula pesa kuliko mwongozaji anayesema "nionyeshe tena". Godzilla Minus One ilishinda Oscar ya 2024 ikiwa na shoti 610 za athari na mafundi 35 tu, idadi ambayo studio kubwa za Marekani zingeiona haitoshi. Takashi Yamazaki alikuwa mwongozaji na papo hapo msimamizi wa athari, hivyo fundi aliyekuwa na swali alipata jibu kwa mwenye filamu mwenyewe. Wewe huna bahati hiyo. Mwongozaji wako ni mtu mwingine mwenye shughuli mia. Basi mletee michoro ya majaribio kabla ya kupiga picha, mletee umbo la mnyama kabla halijavikwa manyoya, na kila anapokubali, liandikwe na tarehe. Si uadui. Ni ulinzi kwa wote, yeye akiwamo.

Usitie saini bei moja isiyo na ukomo wa marekebisho. Hapa ndipo kampuni nzima zinapofia. Rhythm & Hues ya California ndiyo iliyomtengeneza chui milia wa Life of Pi, mnyama aliyewekwa bega kwa bega na chui milia wa kweli ndani ya filamu moja, na watazamaji wakashindwa kuwatofautisha. Februari 2013 kampuni hiyo iliomba kinga ya ufilisi. Kabla mwezi haujaisha, Bill Westenhofer, msimamizi wa kazi ile, alipanda jukwaani kupokea Oscar, na mamia ya mafundi walikuwa wakiandamana nje. Alipoanza kuzungumzia hali ya kampuni, ukapigwa muziki wa Jaws na kipaza sauti kikazimwa. Sababu za kuanguka zilikuwa kadhaa: miradi iliyoahirishwa, na ushindani wa miji kama Vancouver na London ambako serikali hutoa ruzuku. Lakini mzizi mmoja nautaja waziwazi: mteja hubadili mawazo mara kwa mara, bei haibadiliki, na tofauti hulipwa na kampuni hadi isiwe na cha kulipa. Andika kwenye mkataba idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, na bei ya yatakayozidi. Mteja akigoma kuweka idadi, ikatae kazi. Ndiyo, hata kama ni ya kwanza kubwa kukujia.

Usipange ratiba juu ya usingizi wa watu. Septemba 2023 mafundi wa athari za kuona walioajiriwa moja kwa moja na Marvel walipiga kura, wote kwa kauli moja, kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE. Watu hawafikii hapo kwa sababu ya wiki moja ngumu. Mafundi wako wakikuambia shoti haitawahi Ijumaa, waamini, ukamkabili prodyuza wewe mwenyewe. Kwa hilo unalipwa zaidi yao.

Usidharau kazi ya kukata na kufuta. Anza hapo: kumkata mwigizaji fremu kwa fremu, kuoanisha mwendo wa kamera, kuunganisha tabaka za picha. Kisha uongoze kikosi kidogo, kisha sehemu ya filamu, kisha filamu. Anayeruka hatua hizi hawezi kukadiria siku za mtu yeyote.

Usiwaache wanawake kwenye uratibu wakati wanaume wanapewa usimamizi. Suzanne Benson alipata Oscar ya athari za kuona kwa filamu ya Aliens, katika sherehe za 1987. Mwanamke wa pili, Sara Bennett wa Ex Machina, alisubiriwa hadi 2016. Huo si uhaba wa vipaji.

Usikubali filamu iuzwe kwa uongo. Wauzaji hupenda kujigamba kwamba kila kitu ni halisi. Top Gun: Maverick ilisifiwa kwa ndege zake za kweli, na kweli zilipaa, lakini filamu ina shoti za athari zaidi ya 2,000. Ukihojiwa, sema kilichofanyika na nani alikifanya.

Kagua orodha ya majina wewe mwenyewe. Oscar ya athari za kuona hupokewa na watu wasiozidi wanne kwa kila filamu. Wengine wote, wakati mwingine zaidi ya elfu, wana ushahidi mmoja tu wa kazi yao: jina linalopita mwisho wa filamu. Studio hukata majina kwa kisingizio cha nafasi, na huyakosea herufi. Iombe orodha kabla filamu haijafungwa, ilinganishe na daftari la malipo, na usiiidhinishe hadi kila aliyefanya kazi awemo.