Kuizoeza Akili Kuhesabu



Akili huwa na mazoea kama mkono wa mchumaji. Ukiiachia, hukumbuka msimu mmoja mkubwa ikasahau midogo iliyoufuata. Sote twajua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, lakini mtu akienda kukopa, hupiga hesabu ya mwaka ule majamvi yalipojaa hadi njiani. Hata sisi tulifanya hivyo, na deni tukalilipa kwa ng'ombe.

Basi na tuizoeze, kama tulivyozoezwa ubao chuoni. Nunua daftari. Kila jioni ya msimu andika kilo mbichi, na zikikauka andika tena. Kilo 3 mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu. Zikipungua mno, tazama kwanza makonyo na unyevu kabla ya kumtuhumu mtu. Miti iliyokufa nayo iandike. Kisha, kabla ya kusema mwaka huu ni mzuri, soma miaka yote, hasa ile usiyoipenda.

Asiyeweza kuandika amwite mjukuu wake, wala hapana aibu. Madaftari tutayatazama pamoja kabla ya kuanza kuchuma.