Bao la Kete kwa Plaiwudi: Ufundi Mdogo, Hesabu Kubwa

 

Kila tukikutana kwenye chama swali ni lile lile: zaidi ya kubeba boksi, hapa Birmingham mtu hawezi kutengeneza kitu akauza? Jibu ni kwamba inawezekana, ila si kwa kila mtu na si kwa bei yoyote. Mji huu zamani uliitwa mji wa kazi elfu moja kwa wingi wa karakana zake, na mpaka leo kule Hockley, mtaa wa masonara, mafundi wako kwenye vyumba vidogo wanagonga. Na sisi tunayo Keko ya Dar na Ngong Road ya Nairobi. Kwa hiyo ufundi si kitu kigeni kwetu.

Somo la leo ni bao la kete. Kule nyumbani linachongwa kwenye gogo moja kwa tezo na patasi, kazi ya siku nyingi. Sisi tutalijenga kwa tabaka mbili za plaiwudi.

Kwanza: nani anaruhusiwa kuuza?

Naanza na hili makusudi, maana ndipo watu wanapoumia. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, masharti yake yanakukataza kujiajiri na kufanya biashara. Wengi wanadhani zile saa 20 kwa wiki za wakati wa muhula, kwa wanaosoma digrii, ni ruhusa ya kazi yoyote. Sivyo. Zile ni saa za kuajiriwa. Kupanga mabao mezani sokoni ili upate faida ni kujiajiri, hata kama biashara yenyewe ni ndogo. Viza inaweza kufutwa, na masomo yakaishia hapo.

Wanaoweza kuuza ni raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliokubaliwa, na wale waliomaliza chuo wakapata viza ya mhitimu. Usikisie, wala usimsikilize jamaa wa kwenye basi. Soma masharti yako, kisha muone mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Wewe mwenye viza ya mwanafunzi, usifunge ukurasa. Kujitengenezea bao lako mwenyewe hakukatazwi, na hesabu iliyo chini utaihitaji siku ukirudi nyumbani.

Kuijua plaiwudi

Plaiwudi ni maganda membamba ya mti yaliyogandishwa kwa gundi, kila ganda likilala kinyume na lililo chini yake. Ndiyo maana haipindi ovyo wala haipasuki kama ubao wa kawaida. Ubaya wake ni kwamba ganda la juu ni jembamba, hivyo msumeno ukipita vibaya linachanika. Bao langu la kwanza lilichanika uso mzima, nikalitupa. Dawa yake ni kubandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata, na kuweka kipande cha ubao chakavu chini unapotoboa.

Shiti moja ni milimita 2440 kwa 1220. Usijaribu kupanda nayo basi la Selly Oak! Maduka mengi makubwa ya vifaa vya ujenzi yana mashine ya kukatia, kwa hiyo nenda na vipimo vyako umeviandika.

Vipimo ni hivi: bao moja ni 600 kwa 300. Urefu unatoa vipande vinne, upana vinne, jumla 16, na bado inabaki nafasi ya unene wa msumeno. Nunua shiti moja ya milimita 18 kwa ajili ya juu, na moja ya milimita 6 kwa ajili ya kitako.

Hatua za kazi

1. Chora vishimo 32, safu nne za vinane. Kitovu cha kwanza kiwe milimita 37.5 kutoka ukingoni, vingine viachane 75. Ukifika mwisho utabakiwa na 37.5 tena. Isipotimia, umekosea mahali, rudia.

2. Toboa kwa ule msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili, wenye upana wa milimita 57. Toboa nusu, geuza ubao, malizia upande wa pili.

3. Nyumba usiisahau. Ni shimo la nne kutoka kulia kwenye safu ya mbele ya kila mchezaji. Lifanye la mraba kwa patasi na tupa. Mzee wa bao hataangalia rangi, ataangalia nyumba iko wapi.

4. Piga msasa ndani ya vishimo kabla ya kugundisha. Anza na namba 80, kisha 120, malizia na 240.

5. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, mbali kidogo na midomo ya vishimo. Bandika kitako, kandamiza kwa vitu vizito usiku kucha.

6. Paka mafuta ya mbao au vanishi. Angalizo: matambara yenye mafuta ya linseed yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yakunjue, yaanike nje.

Vaa barakoa, vumbi la mbao ni baya kwa mapafu. Na usifanyie kazi hii chumbani kwako. Kuna kengele ya moshi, kuna majirani, kuna mwenye nyumba. Ulizia karakana ya chuo.

Kete ni 64 kwa kila bao. Mkomwe ni mbegu, na mbegu kuingia nchini zina masharti yake ya forodha, kwa hiyo tumia gololi. Na usitangaze kuwa ni kichezeo cha watoto, maana hapo utaingia kwenye kanuni za usalama wa vichezeo za mwaka 2011. Uza kama mchezo wa watu wazima.

Sasa hesabu

Bei za mfano, wewe weka za dukani kwako. Shiti nene paundi 60, nyembamba 30, gololi 30, gundi na msasa na mafuta 20, usafiri 20. Jumla 160. Gawa kwa 16: kila bao limekula paundi 10.

Ukiuza paundi 25 utasema umepata 15. Subiri kwanza. Mabao 16 yana vishimo 512. Dakika moja kila kishimo ni zaidi ya saa nane za kutoboa tu! Ukijumlisha msasa na gundi, kila bao ni saa moja na nusu. Paundi 15 kwa saa moja na nusu ni paundi 10 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilipanda hadi paundi 12.21 Aprili 2025. Maana yake umejinyonya mwenyewe. Bora ungebeba boksi.

Ukiuza 35, unapata karibu 16.70 kwa saa, kabla ya kulipia meza ya sokoni. Mabao mawili yakiharibika, gharama inagawanywa kwa 14, si 16. Hapo ndipo bei inapotoka, si kwa kuangalia jirani anauzaje.

Na kodi je? Mapato ya biashara hadi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza Aprili 6, hayahitaji kujiandikisha. Ni mapato, si faida. Mabao 16 kwa 35 ni 560, uko salama. Ukimaliza shiti ya pili ni 1,120, umevuka. Jiandikishe HMRC kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka huo kwisha.

Kwa hiyo tengeneza moja kwanza, ukiwa na saa mkononi. Andika kila dakika na kila senti, halafu ndiyo uamue kama ununue shiti nzima. Na hilo moja lilete kwenye mkutano ujao, tuone nani bado anakumbuka kucheza.

Kazi njema.