Mkaa Je, Mwalimu?

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Shule imeletewa kompyuta sita, wewe una watoto 54 wa darasa la tano, mwalimu mkuu kakuambia wafundishe hesabu kwa Excel, kisha huyo, kaingia zake ofisini. Sasa unauliza uanzie wapi. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wenye swali lako ni wengi, wanaona haya tu.

Kwanza nikuambie nilivyoboronga mimi. Somo langu la kwanza la namna hii nililipanga kama semina ya watu wazima: hapa pa kubadilishia rangi, hapa pa kuchorea mistari, hapa pa kukuzia maandishi. Dakika arobaini zikayeyuka. Watoto wakatoka na majedwali yenye rangi kama duka la kanga, na hakuna hata mmoja aliyejumlisha kitu. Kwa hiyo rangi achana nazo. Watazigundua wenyewe ukigeuka kidogo tu.

Anza bila kompyuta. Toka nao uwanjani, chukua kijiti, chora bao. Bao la kete unalijua: safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Juu andika herufi, A mpaka H. Pembeni andika namba, 1 mpaka 4. Halafu ita mtoto: "Simama B3!" Baada ya dakika tano hakosei mtu, na tayari wamejua kwamba kila kisanduku kina anwani yake.

Sasa mpe wa A1 kadi ya namba 4, wa B1 kadi ya namba 3, na wa C1 karatasi iliyoandikwa =A1+B1. Huyu wa C1 hana namba yake mwenyewe. Kazi yake ni kuwachungulia wenzake na kupaza sauti. "Saba!" Mnong'oneze wa A1 abadilishe kadi, ashike 9. C1 akizubaa, darasa zima litamzomea: "Kumi na mbili, wewe!" Ukiwaingiza chumba cha kompyuta baada ya mchezo huo, hawaoni uchawi wowote. Wanawaona wenzao watatu wamejibanza ndani ya skrini. Na kile kisanduku kitupu walichokuwa wakijaza tangu madarasa ya chini, kile cha "kisanduku jumlisha 3 ni sawa na 7", leo kimepata jina. Ndugu yangu, hiyo ni aljebra imeingia kwa mlango wa uani.

Wala usidhani chombo hiki ni mgeni kwa watu wa chaki. Mwaka 1978, Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, Marekani. Mwalimu alikuwa anajaza jedwali ubaoni, na kosa moja likipatikana, namba zote zinazolitegemea inabidi zifutwe na kuandikwa upya. Bricklin akawaza: itakuwaje ubao ujirekebishe wenyewe? Mwaka uliofuata, yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Excel ilikuja baadaye, mwaka 1985. Na kama kompyuta zenu hazina Excel, usilie; LibreOffice Calc ni ya bure, na ikishawekwa haihitaji bando.

Kitakachowasumbua siku ya kwanza ni alama ya "sawa na". Watoto wetu wameizoea ikija mwishoni, kama mtu anayenyoosha mkono kuomba jibu. Hapa inatangulia. Mimi huwaambia: usipoanza na hiyo alama, kompyuta inadhani unaandika barua. Kuzidisha ni nyota, kugawanya ni mkwaju. Na kuna mtego ambao nina hakika utakukuta kabla ya mapumziko: mtoto ataandika bei kama alivyoiona sokoni, 1,800/=. Kwa macho yetu hiyo ni pesa. Kwa kompyuta ni maneno, na ukiizidisha utarushiwa #VALUE! usoni. Vivyo hivyo ukiandika "kilo 2" ndani ya kisanduku. Namba ikae peke yake, kilo na shilingi zipande juu kwenye kichwa cha safu.

Haya, somo lenyewe. Mimi nina imani na mandazi. Safu A bidhaa, B kiasi, C bei, D jumla. Unga kilo 2 kwa 1,800. Sukari nusu kilo, kilo ikiwa 3,000. Mafuta nusu lita, lita 5,000. Hamira pakiti moja, 500. Kwanza wapige kwa penseli daftarini, ndipo waandike D2 kuwa =B2*C2 na kuiburuta chini. Chini kabisa =SUM(D2:D5), inatoka 8,100. Mandazi 60 kwa shilingi 200 ni 12,000, kwa hiyo faida 3,900. Mpaka hapo kikokotoo cha simu kingetosha. Sasa waambie mafuta yamepanda, lita ni 6,000, lakini kabla hawajagusa kitu kila mmoja aandike faida itashuka kwa kiasi gani. Wengi wataandika 1,000. Badilisha kisanduku kimoja, faida inasoma 3,400. Watanyamaza, kisha mmoja atakumbuka kwamba tulinunua nusu lita. Ukimya huo ndio ninaoufundishia.

Mwaka mmoja nilipofika hapo, binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake anauza vitumbua stendi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkaa je?" Sikuwa nimeuweka. Tukaongeza mstari juu ya jumla, mkaa 1,000. Jumla ikabaki pale pale, 8,600. Mvulana mwenye penseli akasema ni 9,600. Darasa likagawanyika: wa kompyuta huku, wa penseli kule. Tulipobofya ile fomula tukakuta bado inasoma D2 mpaka D5. Mkaa ulikuwa umekaa D6, nje ya geti. (Kuna wakati programu hujiongeza yenyewe, kuna wakati haijiongezi. Usiitegemee.) Tangu siku hiyo, hakuna mtoto wa darasa lile aliyeniambia "kompyuta ndiyo imesema".

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) nayo ina nafasi yake. Wape alama tatu, 60, 70 na 80, wape uhuru watafute wastani. Kuna atakayeandika =60+70+80/3 na kupata 156 na pointi zake, kwenye mtihani wa mia. Usimsahihishe. Muulize tu alisomea shule gani hiyo. Mabano atayaweka mwenyewe, na hatayasahau.

Kuhusu watoto 54 kwa kompyuta sita: watatu kwa mashine, kwa hiyo 18 wanakuwa kwenye kompyuta na wengine wanafanya swali lile lile kwenye daftari la miraba, kwa zamu. Wale watatu ni dereva, konda na abiria. Dereva anashika kipanya lakini haruhusiwi kuwaza kwa niaba ya wengine. Konda ndiye anayemwambia aandike nini, maana konda ndiye anayejua nauli. Abiria anahakiki kwa penseli. Kila dakika kumi wanabadilishana. Usipofanya hivyo, yule mwenye kompyuta nyumbani ataendesha gari hadi kengele.

Watoto wa darasa la tatu kushuka waache kwanza. Najua nitapigiwa kelele, lakini asiyejua saba mara nane atajuaje kwamba 560 ina sifuri ya ziada? Zile alama za dola za kufungia kisanduku, nazo ziache mpaka wakubwa zaidi.

Siku ya kufunga muhula, wape hii: babu anakupa 10,000 kila siku kwa siku 30, au shilingi moja leo, mbili kesho, nne keshokutwa, ikijirudufu hivyo hivyo. Wachague kwanza. Watakimbilia 10,000 wote. A1 andika 1, A2 =A1*2, buruta polepole. Siku ya 10 ni shilingi 512, watacheka. Siku ya 20 ni 524,288, watasogea karibu na skrini. Siku ya 30, shilingi 536,870,912 kwa siku hiyo moja, jiandae kwa kelele. Ningekuwa wewe ningemwambia mapema mwalimu wa darasa jirani.

Ukishafanya somo la mandazi, niandikie. Mkaa usiuweke. Nataka kujua ni nani wa kwanza kuuliza.